Mstari wa Mhojiwa wa Thelathini

11 Februari

Mpwa wangu Maswali,

Marahaba, mwanangu. Salamu zako zimefika, na za dada yako, na za wanao wawili ambao unasema siku hizi wanakutazama kwa juu. Sisi tupo. Mkazamjomba wako magoti yamemchosha lakini mdomo mzima, anasema kwa niaba ya watu wawili, maana mimi tangu wanipasue koo sauti haijarudi. Daktari hasemi tena kwamba itarudi. Siku hizi akiingia chumbani anasalimia faili langu kwanza. Kwa hiyo usinipigie simu, utasikia mtu anapumua tu na utadhani ni mwizi. Niandikie. Mkono bado unanitii, hasa asubuhi.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mwalimu wa sekondari, mwenye miaka arobaini na minne na watoto wa kulea, amerudi darasani kusoma shahada ya pili, tena jiografia ya binadamu, fani iliyonilea mimi. Mama yako angekuwapo angejifanya hajali, kisha angeitangaza nyumba kwa nyumba. Miaka mitatu sasa tangu aondoke na bado nikipata habari njema namtafuta nimwambie.

Unasema unataka kuurudia utafiti wangu wa kwanza, katika mtaa ule ule mlikokuwa mkiishi ukiwa mdogo: wanawake thelathini, kila mmoja aandike shajara ya wiki mbili, ametoka saa ngapi, ameenda wapi, kwa njia ipi, ameongea na nani, amerudi saa ngapi, kisha wewe uchore mistari yao juu ya ramani ya mtaa. Ni kazi nzuri. Nikupe machache ambayo vitabu havisemi. Usimuulize mtu "kwa kawaida unaenda sokoni mara ngapi," atakujibu kwa wiki anayotamani kuwa nayo. Muulize jana. Kaa chini kama yeye amekaa chini. Kalamu isitoke mfukoni dakika kumi za mwanzo. Mume akiingia na kukaa, funga daftari, omba maji, ongea habari za mvua mpaka achoke aondoke. Na ukiweza, tembea naye. Mtu akitembea husema mambo ambayo akiketi hayasemi.

Kuhusu ombi lako la shajara za asili na ile ramani kubwa, zimo kwenye makasha, makasha yamo darini, na mimi ngazi imenishinda. Tutaona.

Mjomba wako

2 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mpe mkazamjomba pole ya magoti, mwambie dada anamtumia mafuta ya kuchua, yananuka lakini yanafanya kazi. Dada mwenyewe hajambo, bado anashona sare za shule na bado anagombana na wateja. Kijana wangu mkubwa amefaulu, mdogo amefaulu kwa kusukumwa.

Nimeanza. Wanawake kumi na saba wamekubali. Nilidhani kazi ngumu ni kuchora, kumbe kazi ni kubisha hodi. Wa kwanza aliniambia, "Unataka kujua natoka saa ngapi na narudi saa ngapi? Mume wangu mwenyewe aliacha kuuliza." Wa pili akashika lile daftari, akaligeuza juu chini kama anakagua samaki, akasema, "Waliopita mwaka juzi waliandika mtaa mzima wakatuahidi vyoo. Wewe umekuja na nini?" Nikamwambia nimekuja na daftari tu. Akasema angalau mimi sidanganyi, akakubali. Mwingine amekubali kwa sharti kwamba wifi yake asipewe.

Ushauri wako wa kutembea nao nimeufuata na miguu inanilalamikia. Lakini ni kweli, wakitembea wanasema. Nimewaahidi wote kwamba majina hayataandikwa, ila namba tu, kama ulivyofanya wewe.

Yuko mmoja nimemruka. Mama Redio bado yuko hai, mjomba, bado anauza mkaa pale kwenye kona nyuma ya mashine ya kusaga. Amekwisha kabisa, mifupa na kanga. Kwa umri wake na miaka aliyokaa pale angenifaa kuliko wote. Lakini sitampa daftari, na sina haja ya kukueleza kwa nini.

Tafadhali nitumie zile shajara na ramani. Bila zako siwezi kulinganisha, na bila kulinganisha msimamizi wangu anasema sina tasnifu.

Mpwa wako

23 Machi

Maswali,

Marahaba. Mafuta yamefika, nyumba nzima inanuka kama karakana, na mkazamjomba wako anapanda ngazi za kanisani bila kushikwa. Mpongeze kijana. Yule mdogo usimsukume sana, na mimi nilisukumwa.

Mimi nimepungua. Suruali nafunga kwa kamba, chakula ni uji na supu, na jioni homa inanitembelea kama jamaa asiye na adabu.

Umenitia wasiwasi kwa jambo moja. Unasema umemruka yule mama. Mtafiti anayemruka mtu kwa sababu hampendi amekwisha kuandika matokeo kabla ya kutoka nyumbani kwake. Nimewafundisha hivyo wanafunzi kwa miaka thelathini na mmoja. Ungemruka kwa kuwa ni mgonjwa, ningekuelewa. Lakini mtu aliyekaa kona ile ile miaka yote hiyo, akiwaona wanawake wa mtaa wakipita kwenda na kurudi, huwezi kumwacha. Mpe daftari. Kama hawezi kuandika tena, kaa naye uandike anachosema. Kama amri za mjomba bado zina nguvu, hii ni amri.

Makasha, naambiwa, yaliingia maji msimu uliopita. Nasikitika. Tumia kitabu kilichochapwa.

Mjomba wako

17 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Sitaandika mengi ya nyumbani leo kwa sababu nina jambo, na nikizunguka nitaogopa.

Kwanza, yule mama. Wewe ni kaka wa mama, ulikuwapo, lakini niruhusu nikukumbushe jinsi mama alivyotusimulia. Alimzaa dada kabla hajaolewa. Wazazi wenu wakamficha, mtoto akapewa mwanamke fundi cherehani amlee, upande wa pili wa mtaa. Mama akaolewa na baba, nikazaliwa mimi, na baba hakujua lolote. Kila Jumatano, baba akiwa kazini, mama aliniacha kwa jirani akaenda kumwona dada. Mtu mmoja tu alijua, Mama Redio, kwa sababu njia ilipita kibandani kwake, na mara moja dada alipougua alimsaidia mama kumbeba mpaka zahanati. Kisha Jumatano moja baba akatokea kwa fundi cherehani, akamkuta mama na dada mapajani. Alipoulizwa amejuaje alisema, "Nimeambiwa." Basi. Jioni ile ile tulikuwa nje, mimi, mama na mfuko mmoja. Nilikuwa na miaka minne. Ni nani mwingine angemwambia baba? Mtaa mzima ulijua mdomo wa yule mama. Ndiyo maana waliacha kumsalimia. Mama alikufa bila kulitamka tena jina lake, na mimi sikuona sababu ya kulitamka.

Lakini nilikutii. Nilikwenda wiki iliyopita, nikasimama mbele ya kibanda chake na daftari mkononi. Akanitazama usoni. "Wewe ni wa fulani," akasema. "Umechukua paji lake la uso." Nikasema ndiyo. Akasema, "Kaa." Sikukaa. Nikaondoka kama mtoto aliyevunja kitu.

Jambo la pili. Nilikwenda ofisi ya halmashauri kutafuta nakala ya ripoti yako. Karani akaniletea faili, na ndani yake ilikuwemo ramani, imekunjwa mara nane, ina vitobo vya pini kwenye pembe nne, maana yake ilikaa ukutani. Mistari karibu yote ni minene, imebandikwa idadi: watu tisa, watu kumi na mmoja, watu sita. Upo mmoja tu mwembamba, peke yake. Mhojiwa wa 30. Jumatano, saa nane mchana. Unazunguka nyuma ya mashine ya kusaga na kwenda mpaka upande wa pili, unakaa huko saa moja na nusu, kisha unarudi kwa njia ya soko. Mjomba, mstari ule unaanzia mlangoni kwetu.

Marehemu baba alikuwa karani katika ofisi ile ile.

Niambie Mhojiwa wa 30 ni mtu mwingine, nitaamini. Na usiniambie habari za maji. Nilimpigia mkazamjomba kumjulia hali. Amesema makasha yako chini ya kitanda chako, makavu, na huruhusu hata ufagio upite.

Mpwa wako

9 Juni

Mwanangu,

Wiki zote hizi nilikuwa hospitali, na sitakudanganya kwamba hiyo ndiyo sababu ya kuchelewa. Kalamu na karatasi zilikuwa kando ya kitanda. Mkazamjomba wako anakusalimu. Chumba chetu sasa kina kitanda cha kupandishwa kichwa, dirisha moja na meza yenye dawa, na mimi nimekuwa mtu wa kubebwa kwenda msalani. Daktari amekaa chini safari hii aliponisemesha, ndipo nikajua. Ameniambia ni majuma, si miezi.

Mhojiwa wa 30 ni mama yako.

Nitaandika kwa mpangilio, usinihurumie katikati. Nilihitaji wanawake thelathini. Mmoja aliacha siku ya pili, mumewe alilitupa daftari motoni. Nikabaki na ishirini na tisa na muda umekwisha. Nikaenda kwa dada yangu. Alikuwa anafua. Nikamwambia, nisaidie, ni wiki mbili tu. Akafuta mikono kwenye nguo yake, akasema, "Niandike nini mimi, siku zangu zote ni moja." Nikamwambia, andika kila kitu kama kilivyo, jina lako halitakuwamo, hakuna atakayejua. Maneno hayo ni yangu, nilimwambia nikimtazama machoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma, aliniamini katika mambo ya maandishi kama unavyomwamini fundi wako. Akaandika. Hakuruka hata Jumatano mbili zile. Aliandika "kwa fundi cherehani," hakuandika kwa nini.

Sikujua habari za mtoto. Mwaka aliozaliwa dada yako nilikuwa shule ya bweni, wazazi waliniambia dada amekwenda kumuuguza shangazi. Lakini usinisafishe kwa hilo. Nilipochora njia yake niliona kwamba kuna njia fupi ya dakika nane na yeye alipita ndefu ya dakika ishirini na tano. Mtu hafanyi hivyo bure, juani, na kikapu. Nikaelewa kwamba hataki kuonekana. Na hilo ndilo likawa hoja ya tasnifu yangu, kwamba mitaani mwetu mwanamke hupanga njia yake kwa kukwepa macho na wala si kwa umbali. Walinisifu kwa hoja hiyo mpaka nilipostaafu. Kwa maneno mengine, mwanangu, niligundua kwamba dada yangu anajificha, kisha nikachora alipojificha.

Msimamizi wangu, tuliyemwita Kifutio kwa sababu hakuna ukurasa uliopita mikononi mwake mzima, aliuona mstari ule. Alikuwa na kanuni: njia ya mtu mmoja haichorwi, wakipita watano chora. Akaweka kidole. "Huyu yuko peke yake. Mtoe." Nikasema nitamtoa. Nilimpelekea nakala isiyo na mstari, akatia saini. Nakala niliyoipeleka halmashauri ilikuwa nao. Nilijiambia jina halimo. Nilikuwa na miaka ishirini na minane na ule ulikuwa mstari mzuri kuliko yote.

Ramani wakaibandika kwenye korido ya ofisi ya mipango miji. Baba yako alipita chini yake kwenda kunywa chai kila siku. Siku moja akasimama. Kila mtu huitafuta nyumba yake kwanza kwenye ramani. Alichukua karatasi ya kunakili, akaifuatisha njia ile kwa penseli, Jumatano akaomba ruhusa kazini, na akatembea juu ya mstari wangu kona kwa kona mpaka mlangoni kwa fundi cherehani.

Najua hivyo kwa sababu alikuja idarani kesho yake. Nilikuwa na wanafunzi wawili. Akaitandaza ile karatasi ya kunakili juu ya meza yangu, akailainisha kwa kiganja, akasema kwa upole, "Ahsante, shemeji. Umenichorea vizuri." Akaondoka. Wanafunzi walidhani ni sifa.

Mama yako alifika kwangu siku ya tatu, wewe mgongoni, dada yako kamshika mkono. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwona dada yako. Hata kabla ya kukaa akasema, "Mama Redio amenimaliza." Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ninakumbuka rangi ya mlango. Ningeweza kusema wakati ule, sentensi moja tu. Mtihani wangu wa mwisho mbele ya jopo ulikuwa umebaki miezi miwili. Nikamuuliza, "Una hakika?" Akasema, "Ni nani mwingine?" Nikasema, "Ingieni ndani." Maneno yangu yalikuwa hayo tu. Nilimpa chumba, nikamlipia fundi wa kitanda, nikawapeleka shule nyote wawili, na kwa miaka thelathini na saba mama yako aliniita kaka mwenye huruma. Kila aliponiita hivyo niliitika.

Bado hujafika kwenye baya zaidi. Yule mama naye alikuwa mhojiwa wangu, wa 12. Ndani ya bahasha hii nimeweka shajara yake na ya mama yako, zisome pamoja. Kulikuwa na safu ya "umeongea na nani." Jumatano ya kwanza saa nane na robo mama yako ameandika: "Nimesimama kwa Mama Redio, tumeongea dakika kumi." Angalia ya 12, siku ile ile, saa ile ile: "Nimekaa kibandani. Hapana aliyepita. Sijaongea na mtu." Jumatano ya pili vivyo hivyo. Mama Redio, mchana kweupe, hajaongea na mtu. Nilicheka nilipoyasoma mara ya kwanza, nikatia alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, utaiona. Baadaye nikaelewa. Katika wiki mbili alimtaja kila aliyepita, amebeba nini, amemnunia nani. Mtu mmoja tu hakumwandika. Hata mimi mwenye daftari alinificha.

Kwa hiyo sikuwa na shaka kwamba si yeye. Nilikuwa na ushahidi kwa mwandiko wake, na nikaacha mtaa mzima umnyamazie. Mwanamke ambaye kuongea kwake ndiko kulikuwa kuishi kwake. Nilipita pale mara mbili au tatu kwa miaka yote, kwa upande wa pili wa barabara.

Sikuombi msamaha. Ningekuwa na haki ya kuuomba kama ningesema dada yangu akiwa hai. Nilikaa naye juma la mwisho, nilimshika mkono, tulikuwa wawili tu chumbani, na sikusema. Nakuomba hili moja. Yule mama bado hai, na mimi bado hai kidogo. Mpelekee barua hii. Nisingependa azikwe na jina langu chafu likiwa juu yake.

Mjomba wako

2 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Nasikia kwa mkazamjomba kwamba sasa anakusomea, kwa hiyo naye atayajua haya yote akifika hapa. Samahani, mkazamjomba, endelea tu.

Barua yako ilikaa kwenye droo ya meza yangu ya shule karibu wiki saba. Nilisahihisha mitihani juu yake. Nilimwambia dada kwanza. Alikuwa na nguo kwenye mashine, akashona mpaka mwisho wa pindo ndipo akanyanyua uso, akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa mwisho wa ule mstari." Baadaye akasema kama usingeuchora huenda angekulia pale kwa fundi cherehani na kumwona mama kwa saa moja na nusu kila wiki mpaka leo. Na mimi nimelifikiri hilo. Nilimpoteza baba nikampata dada, na sitaki mtu yeyote aniambie lipi zaidi.

Jumamosi nilikwenda. Safari hii nilikaa. Nilimwambia nimeleta barua kutoka kwa kaka wa mama, inamhusu. Akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Masikio yamekwisha, mwanangu. Soma kwa nguvu."

Nikasoma. Nilipofika Mhojiwa wa 30 akanikatiza. "Sisikii. Paza." Nikapaza. Akina mama waliokuwa bombani wakageuka. Nikarudia. "Ni nani aliyechora? Sema nisikie." Nikasema, "Mjomba wangu." "Nani?" "Mjomba wangu, kaka wa mama." Fundi baiskeli wa ng'ambo ya barabara akaacha gurudumu likizunguka. Nilisoma sehemu ya halmashauri nikipiga kelele kama nanadi mitumba, na jasho linanitoka, na yeye kila mara, "Rudia hapo." Wakati nafika kwenye ile shajara yake, "hapana aliyepita, sijaongea na mtu," mwenye mashine ya kusaga aliizima ili asikie. Mtaa wote ulikuwa umesogea. Watu kama arobaini, wengine wazee wa enzi zile. Nilisoma mpaka "jina langu chafu likiwa juu yake," kisha sauti ikanikauka.

Nyuma kabisa mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake jambo. Mama Redio akasema bila kugeuka, "Wewe unayeniita maskini, nimekusikia. Umaskini wa nini? Rudini makwenu." Ndipo nilipotambua kwamba masikio yake hayana shida yoyote.

Bibi mmoja wa rika lake alibaki. Alisimama pale, hakujua aweke wapi mikono. Mwisho akasema, "Habari za asubuhi." Ilikuwa saa tisa alasiri. Mama Redio akamjibu, "Njema. Ulikuwa wapi?"

Walipoondoka wote akaniingiza ndani. Chumba ni kimoja, kitanda, jiko, ndoo mbili. Nikampa daftari lake la zamani. Akaitazama ile alama yako nyekundu, akaikwangua kidogo kwa ukucha, haikutoka. Nikamuuliza kwa nini hakujitetea. Akasema, "Mama yako aliniuliza mara moja, mbele ya watu. Nikamwambia si mimi. Akatema mate. Ningemwambiaje tena? Nitaje siri yake ili niseme sikuitaja?" Nilimuuliza kama ana neno la kukutumia. Akasema, "Mwambie imefika."

Kisha akasema kwa sauti ndogo, ya mtu anayesikia vizuri, "Na mama yako? Mwishoni kabisa, aliwahi kunitaja?"

Mjomba, wewe ulikuwapo na mimi nilikuwapo. Hakumtaja. Kazi yangu siku hizi ni kuandika ninachoambiwa na kusema kilichopo. Nilimwambia ndiyo. Nikasema, "Alikuulizia, alitaka tukuite, tukachelewa." Akauliza siku gani. Nikamtungia siku. Akauliza ilikuwa saa ngapi, na alisemaje hasa, kwa maneno yake. Nikamtungia saa, nikamtungia na maneno. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, midomo inatembea, anayarudia ayashike.

Sijui kama nimekusamehe. Kuna siku naweza na kuna siku nauona ule mlango. Lakini nililomwambia yule mama siwezi kumwambia mtu mwingine, hata dada hajui, na mkazamjomba akishasoma hapa nampigia magoti asilirudie popote. Jumamosi ijayo nakuja, nitakaa kando ya kitanda, hatutahitaji kusema kitu. Wewe unajua kunyamaza, mjomba. Hili nalo ninyamazie.

Mpwa wako